Kumpeleka Pomboo Mweiga

Niliondoka Ruring'u kwa sababu mama alichoka kuamsha shahada iliyolala hadi saa nne. Shule moja ndogo ya Mweiga ilinitaka nifundishe somo la majaribio. Nikifaulu, nina kazi. Mada: kulinganisha pomboo na ndege aitwaye kurumbiza. Bila shaka wakulima wa viazi walikuwa wakikosa usingizi kwa ajili ya pomboo.

Saa mbili na nusu nilipita Nyeri mjini, nikijipongeza mapema. Kuelekea Mweiga, milima ya Aberdare ilijifunika mawingu kana kwamba imesikia nakuja.

Saa nne nilisimama mbele ya darasa la sita. Nyuma waliketi mwalimu mkuu na Mama Wangeci, mfugaji anayewakilisha wazazi. Nilianza na pomboo: hutoka majini kuvuta hewa, huzaa, hunyonyesha.

"Ndani ya maji?" akauliza Mama Wangeci. "Na maziwa haimwagiki?"

"Hayamwagiki, mama. Humrushia mtoto mdomoni."

"Heri yeye. Ng'ombe yangu inapiga ndoo teke."

Darasa likacheka. Nikarudisha heshima yangu kwa herufi kubwa ubaoni: POMBOO HUJIFUNZA MLIO WAKE. KURUMBIZA HUZALIWA NAO.

"Ati huzaliwa nao?" akasema Mama Wangeci. "Hiyo ndege yenye kifua ya machungwa iko kwa ua yangu. Inapiga mluzi kama mtu wa maziwa. Alizaliwa akimjua?"

Nilidai ushahidi, kama msomi yeyote. Ua ulikuwa ng'ambo ya barabara, darasa zima tukavuka.

Hatukungoja sana. Mluzi mrefu ukatoka uani, kisha mifupi miwili. Majirani wawili wakatoka mbio na mitungi ya maziwa.

"Mtu wa maziwa ameenda wapi?" mmoja akauliza, akiitazama barabara tupu.

"Ni ndege tena," akajibu Mama Wangeci.

Neno "sadfa" lilikuwa tayari ulimini. Mwalimu mkuu alikuwa ameshafunga daftari lake. Kazi yenyewe niliiona ikiondoka. Nikarudi darasani, nikafuta mstari wa pili, nikaandika: HATA KURUMBIZA HUJIFUNZA. MWALIMU ALIKOSEA.

"Tutakupigia simu," alisema mwalimu mkuu. Kila mhitimu anajua maana yake.

"Simu ya nini na amesimama hapa?" Mama Wangeci akamkatiza. "Wale walimu wawili wa kwanza kujaribiwa walibishana na sisi mpaka chakula ya mchana. Huyu amefuta. Aanze Jumatatu." Mwalimu mkuu akafungua tena daftari, akaandika jina langu.

Saa kumi nilikuwa Ruring'u, namweleza mama. Chuo kilinifundisha kumshuku kila mtu isipokuwa mimi. Somo lililobaki nilimalizia Mweiga, nyuma ya ua wa mfugaji.