Kichekesho cha Mtoro

Mdogo wa mke wangu alimtoroka kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, huko Riyadh. Mkataba ulikuwa umekwisha, madam wa nyumba aliyotumikia hataki kumrudisha kwao, na pasi imefungiwa kabatini. Hayo sikuyapinga. Nilichoshindwa kukielewa ni safari. Ubalozi wetu uko Riyadh. Yeye aliomba lifti, akavuka nchi, akaja kujificha kwetu Ghulail, Jeddah, katika vyumba viwili tunavyoishi kwa ikama yangu, kibali changu cha ukaazi. Angekamatwa humo, tungefukuzwa sote.

Nilimweleza hayo hatua kwa hatua. Alinisikiliza macho yakiwa kwenye simu. Alikuwa amepata mtandaoni kichekesho cha televisheni cha enzi za picha zisizo na rangi: mtu anasingiziwa wizi, anakimbia, na kila kipindi yuko mji mwingine na kazi nyingine, leo kinyozi, kesho mpishi wa harusi. Polisi mnene anamfuata na kuchelewa kidogo tu.

"Shemeji, umeona? Masharubu tu, na hawamjui!"

"Ni mchezo."

"Na hawa wanaocheka? Wote wanamwona. Hakuna hata mmoja amemchoma kwa polisi."

Nikamweleza kwamba vicheko vile vilirekodiwa kando na kubandikwa baadaye. Hakuna watu mle.

"Baba watoto, na wewe!" mke wangu akasema, akichambua mchele. "Mwache acheke."

Ningemwacha, lakini alikuwa anajifunza. Alianza kufanya mazoezi ya Kiarabu cha Jeddah na muuza duka wa chini, ambaye, kama jengo zima, alijua habari zake zote. Akivaa nikabu, alisema, atapata kazi mtaa wa Al-Hamra. Pakichacha, atahamia Taif.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka huyu jamaa afike mwisho. Nataka nione anatokaje."

Basi nikaketi nikatafuta habari za kichekesho hicho, nikasoma kila nilichopata.

"Kilifutwa," nikamwambia. "Watazamaji hawakukipenda. Mwisho haukupigwa picha."

"Kwa hiyo alishikwa?"

"Hakushikwa. Hakuachiwa. Waliacha tu."

"Sasa mpaka leo anakimbia?"

"Mwigizaji pengine alishakufa."

"Nani ameuliza mwigizaji, shemeji?"

Alikirudia kipindi cha mwisho. Mtu yule anakata tiketi kituo cha treni, muuza tiketi anamuuliza anakwenda wapi, halafu majina ya waigizaji yanapita. Akaizima simu.

"Upuzi. Mtu hawezi kuachwa hivi."

Hoja zangu zote hazikuwa zimemsogeza hata kidogo. Asubuhi akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyemchelewesha, "Sasa tunaenda Riyadh lini?"

Tuliondoka Jumamosi, ili Jumapili tuwe mlangoni mwa ubalozi. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia askari wa kizuizi cha barabarani. Tulipomfikia, alichukua ikama yangu, akainama kutazama kiti cha nyuma. Sijafungua mdomo, shemeji alishafunua uso na kumwambia kwa Kiarabu kilichonyooka: hana ikama, pasi yake iko kwa kafili, anakwenda ubalozini, anataka kurudi kwao.

Askari alimtazama. Kisha akanitazama mimi, shati limelowa jasho.

"Yalla, nendeni," akasema, akanirudishia ikama.

Nilipotaka kusimama kituo cha mafuta kilichofuata ili nipate kupumua, alinigusa bega.

"Usisimame, shemeji. Hata kwa chai."