Pikapu ya Chepngeno Haiuzwi

Ko! Pikapu ikalia tena, palepale kwenye mzunguko wa Kitale, Chepngeno alipokata kona na magunia kumi na manne ya viazi nyuma. Mtu wa bodaboda aligeuka kushangaa. Chepngeno akamtolea kichwa dirishani. "Unaangalia nini? Hata wewe magoti yako yanalia."

Lakini moyoni hakuwa na mzaha. Ilikuwa Ijumaa, na kesho yake mtu wa Webuye angekuja kuinunua pikapu hiyo. Aliyemwita si yeye. Ni Kipkemboi, mdogo wa marehemu mumewe. Huyo alisimama mbele ya wazee wa ukoo akasema gari limekufa miguu ya mbele, litamuua shemeji yake barabarani, afadhali liuzwe. Wazee wakakubali. Walimwachia Chepngeno mpaka Jumamosi: kelele ikiisha, gari ni lake na maneno yameisha. Isipoisha, linauzwa.

Tangu mumewe Kipyegon azikwe, pikapu hiyo ndiyo iliyomsomesha binti yao Jerop. Chepngeno mwenyewe aliachia darasa la saba. Kuendesha alijifunzia kwenye shamba lililovunwa, akigonga mabua ya mahindi huku majirani wakicheka uani. Waliocheka ndio anaowabebea viazi leo, na hawakumbushi. Sawa, huwakumbusha kidogo.

Mafundi wawili wa Kitale walikuwa wamejaribu wiki hiyo. Wa kwanza alisema ni bolijointi, kiungo cha gurudumu la mbele, akabadilisha, kelele ikabaki. Wa pili akasema ni sivijointi, ile inayozungusha magurudumu ya mbele.

"Hii gari inasukumwa na magurudumu gani?" Chepngeno alimwuliza.

Fundi akakuna kichwa. "Ya... mbele?"

"Ya nyuma! Sasa hiyo sivijointi utaifunga wapi, kwa shingo yako?"

Sasa, akiipita Kiminini kuelekea Bungoma, alianza kuwaza sawasawa. Wale mafundi wote walimwambia ashushe mzigo kwanza. Gari likiwa tupu, kimya. Likibeba, ko. Na mzigo wa pikapu unakaa wapi? Unakaa nyuma. Kwa nini basi kila mtu anachungulia mbele?

Alipofika Bungoma hakwenda sokoni. Aliingia moja kwa moja kwenye uwanja wa fundi mmoja, Wabwile, mtu mnene mwenye ovaroli iliyokwisha rangi.

"Shusha mzigo kwanza, mama," Wabwile akasema. "Mimi siingii chini ya gali imebeba."

"Nani amekutuma uingie? Ukishusha mzigo unashusha na ugonjwa. Njoo usimame hapa."

Chepngeno akazungusha usukani kulia na kushoto gari likiwa limesimama. Kimya. Mbele hakuna kitu. Halafu akachukua kopo la rangi nyekundu analotumia kuandikia magunia yake, akachuchumaa pembeni ya gurudumu la nyuma, akapiga mstari mmoja ulionyooka kutoka kwenye springi mpaka kwenye ekseli, chuma kinachobeba magurudumu. Upande wa pili vilevile. Wabwile alimtazama kama mtu anayetazama kuku akisoma gazeti.

Chepngeno akazunguka uwanja mara mbili, kona kali. Ko! Ko! Akashuka.

Mstari wa kushoto ulikuwa mzima. Wa kulia ulikuwa umekatika: kipande cha juu huku, cha chini kule, na katikati upana wa kidole.

"Ati imehama!" Wabwile akapiga mluzi. "Mama, ekseli yako inatembea."

Hapo ndipo mzigo ulipotelemshwa na jeki ikaingia. Bolti ya katikati inayoshika springi ilikuwa imekatika vipande viwili, na bolti kubwa za pembeni zinazokumbatia ekseli zililegea hadi Wabwile akazizungusha kwa vidole.

"Nani alikuongezea springi? Hizi mbili ni mpya. Aliyezifunga alikaza gali ikiwa tupu, ikabeba, springi zikalala, bolti zikalegea, na hakuna aliyerudi kukaza tena. Kila msimu wa mahindi ni hivyo, bana. Watu wanaongeza springi wapakie kama lori, halafu wanasahau."

Chepngeno akakumbuka. Aliyeazima gari wakati wa mavuno ni Kipkemboi. Alilirudisha akitabasamu: "Nimekutengenezea springi, shemeji."

Wabwile akatia bolti mpya. Chepngeno hakukubali kuondoka mpaka viazi vilipopakiwa tena, gari likazungushwa, na fundi akapiga magoti pembeni akakaza mara ya pili mzigo ukiwa juu. Vile vipande viwili vya bolti Chepngeno akavitia mfukoni.

Jumamosi wazee walikuwa uani na mtu wa Webuye alikuwa na kikombe mkononi. Kipkemboi alikuwa ameshaanza hotuba.

"Ngoja," Chepngeno akamwambia. "Leta magunia yako ya mahindi. Kumi na manne. Halafu upande hapa kando yangu."

Yakapakiwa. Akakata kona ya kulia, ya kushoto, tena ya kulia, mpaka vumbi likafunika wazee. Hakukusikika kitu ila kuku wakikimbia. Akasimamisha gari, akamwekea Kipkemboi vile vipande kwenye kiganja.

"Hii ni nini?"

"Ndiyo springi uliyonitengenezea, shemeji. Waambie wazee. Ama niwaambie mimi?"

Kipkemboi alitazama mkono wake. Akashuka, akawaambia wazee kwa sauti ndogo kwamba springi aliziongeza yeye. Mmoja wao akaomba arudie, kwa sauti.

Mtu wa Webuye akakohoa. "Sasa bei yake—"

"Maliza chai yako," Chepngeno akamkata. "Matatu za Webuye hazikosi."

Kipkemboi akarudi dirishani. "Mama Jerop, haya mahindi si yameshapakiwa? Si tuyafikishe tu Kitale?"

"Panda," akamwambia, akiwasha gari. "Lakini huku kwa usukani usiguse."