Mnoa Visu Aliyenichagulia Mashine

Shilingi elfu themanini na mbili. Nimejumlisha mara mbili, kwanza kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu, na haijabadilika: elfu sabini na nane za mashine ya umeme ya kunolea visu, elfu mbili za bajaji ya kwenda dukani tukiwa wawili, elfu moja ya bodaboda ya kurudi nikiwa peke yangu, na elfu moja ya soda. Hiyo ya soda ndiyo iliyonikalisha mezani leo. Niliyempa amefariki wiki iliyopita, tumemzika kwao Kwihara, na nimerudi makaburini na aibu ambayo sijapata mtu wa kumuuzia hata kwa hasara.

Alikuwa mnoa visu. Wasomaji wa mtaani kwetu Cheyo mnamjua, au angalau mnaijua kengele yake: milio miwili mifupi, kimya, halafu mmoja mrefu. Baiskeli aliisimamisha kwa stendi, akafunga mkanda kwenye jiwe la duara mbele ya usukani, akakanyaga pedali bila kwenda popote. "Mimi natembea kutwa," alikuwa akisema, "ila mnanikuta palepale." Kisu kimoja alinoa kwa mia tano. Mimi nilimpa vitatu kwa elfu moja, na kila mara niliingia ndani nikijiona mshindi.

Mwaka jana mke wangu alichoka kusubiri kengele, akataka mashine. Sasa, sisi tuna desturi: ukienda kununua kipuri unamchukua fundi wako akikague, na mwisho unampa hela ya soda. Desturi hiyo ina ndugu yake ambaye sisi wajuzi wa bei hatumtaji hadharani: unamchukua mwenzako ili aiponde bidhaa. Wewe unaitamani, yeye anakunja uso, "Tuondoke, hiki kimeo," na muuzaji anashuka. Nikawaza, nani ataiponda mashine ya kunolea kuliko mnoa visu? Ataitazama kama mke mwenza. Nitapunguziwa hata elfu ishirini. Sikumweleza mpango, nikiamini chuki yake itatosha. Nilimwambia tu, "Mzee, naomba twende dukani ukanichagulie mashine ya kunolea." Aliweka mkono juu ya jiwe lake. Halafu akauliza, "Saa ngapi?"

Alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola, na mfukoni nyanya mbili zilizofungwa kwenye gazeti. Mwenye duka, mama mmoja asiyetabasamu kabla ya kulipwa, alimwamkia mzee, kisha akapanga mashine tatu kwenye kaunta. Ya kwanza mzee aliiwasha, akaisikiliza inavyonguruma, akaizima. "Tundu moja tu, tena kali. Hii itakula visu vyako, mwakani utakatia vitunguu mpini." Nikafurahi, kazi imeanza. Ya pili nayo akaisukuma pembeni: kisu kinacheza ndani ya tundu, kitatoka kimenolewa upande. Nikafurahi zaidi. Ya tatu ilikuwa na matundu mawili, moja la kukwangua, moja la kulainisha. Akapitisha kisu changu nilichokuja nacho polepole, akivuta bila kukandamiza, akafungua gazeti, akakata nyanya. Haikukamuka hata tone. Nikavaa uso wa huzuni. "Dada, fundi wangu huyu kaiona mwenyewe. Haifai. Labda kwa elfu hamsini na tano, nijaribu bahati." Mzee akageuka. "Haifai? Hii ndiyo yenyewe, bwana. Chukua." Nikamkanyaga mguu. "Sasa mbona unanikanyaga?" Yule mama alicheka mpaka akashika kaunta. "Elfu sabini na nane, kaka. Fundi wako keshasema."

Nililipa zote. Nje, mzee akiwa bado ananielekeza, kwamba tundu la kukwangua ni mara chache kwa mwaka, la kulainisha ndilo la kila siku, na kisu cha meno nisikitie kabisa, nilimbandika elfu moja mkononi, nikasema nina haraka, nikarukia bodaboda. Alirudi Cheyo kwa miguu, saa saba mchana, na shati lake. Baada ya hapo kila kengele ikilia nilikuwa na shughuli chumbani. Mara moja tu alinikuta getini, na hakuuliza visu. "Lile tundu la pili unalitumia?" "Ninalitumia, mzee." "Polepole?" "Polepole." Akasukuma baiskeli yake akaenda.

Msibani niliingia kumpa pole mjane wake, ameketi kwenye mkeka. Aliinua uso. "Ni wewe wa gazetini? Uliyempeleka dukani?" Nikautafuta mlango kwa macho. "Mwanangu, ile safari aliihadithia mpaka nikawa namalizia mimi. Siku hiyo alinipigisha pasi shati hata chai sijabandika. Akasema wenzako wote wamenunua mashine kwa kificho, wakimwona wanageuza uso, ila wewe ulimwuliza kwanza. Akasema, miaka yote nanoa, ni huyu tu aliyeniita fundi wangu mbele ya watu." Akanishika mkono. "Uiandike basi. Ikitoka uniletee, ukae hapa unisomee. Macho yangu herufi ndogo hayazioni."

Mji wetu ulisimama juu ya mabega ya wapagazi wa misafara, na juu ya ndimi za waliopatana nao ujira. Sote hujisifia kuwa wajukuu wa waliobeba. Pale mkekani nilijua mimi nimerithi upande gani. Mashine haina kosa, tena ni nzuri, inakata nyanya mpaka leo, kwa sababu aliyeichagua alikataa kusema uongo juu ya kitu kilichokuja kumla. Tunasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Sijasikia methali inayomtaja aliyekinoa. Funzo langu ni dogo, na limenifikia limechelewa: ukimwita mtu fundi, uwe unamaanisha, na umrudishe kwake ulikomtoa.

Sasa nimeandika, kama nilivyotumwa. Gazeti likitoka nitalichukua hadi kwenye ule mkeka, nisome kwa sauti, na yeye hataona jicho langu linaruka mistari. Nimepitia maneno ya kuruka mara mbili. Nikiyaruka yote, inabaki kengele, nyanya na shati, na mume aliyeheshimiwa. Nikiyasoma yote, atajua ninachokijua, na neno "fundi wangu" nitakuwa nimemnyang'anya marehemu, pamoja na nauli yake. Nyinyi mmeshasoma bila kurukiwa. Nishaurini kabla sijavua viatu mlangoni kwake: nimsomee yote, au niyaruke?