Mjukuu wa Nyumba ya Kwanza

Guka, babu yetu, alikuwa chifu wakati wa mkoloni, na alikuwa na wake wawili. Wa kwanza, cucu, nyanya yangu mzaa baba, alimwoa kwa mbuzi na pombe ya miwa. Wa pili alimwoa kanisani kwa pete, baada ya kuambiwa kwamba mtu wa cheo chake hawezi kuketi mbele na mke asiyejua kusoma. Watoto wa mke wa pete walipelekwa shule. Watoto wa cucu, akiwemo baba yangu, walienda kuchuma kahawa ya Mzungu.

Mimi ni fundi wa nguo mtaani Kamenu. Binamu yangu wa kike, mjukuu wa mke wa pili, anakaa Membley, mtaa wa wenye pesa. Tulizaliwa mwaka mmoja. Wivu wangu kwake ulianza zamani sana, maana viatu vyangu vya kwanza vilikuwa vyake, vilipoanza kumbana.

Binti yake alipopata mchumba, binamu aliniletea koti la kaki la guka, lile la uchifu, lenye vifungo vya shaba.

"Dada, nibadilishie bitana," alisema. "Nataka kulitundika sebuleni siku ya ruracio, wageni wakileta mahari."

Alipoondoka nilifunga mlango wa duka nikalivaa. Lilinikaa vizuri mabegani. Nikasimama mbele ya kioo cha wateja, kidevu juu, nikajaribu kutazama kama mtu anayengojewa na wengine. Kisha nikakumbuka kwamba linarudi Membley. Nikalivua kwa hasira hadi mshono wa kwapa ukaachia, na ikabidi niushone upya.

Siku ya ruracio nilivaa gauni jipya. Wapishi wa kukodi walichelewa, kwa hivyo nikashika birika nikaanza kuwamiminia wageni chai. Shangazi ya kijana aliyekuja kuposa, mama mzee, akanishika mkono.

"Na wewe ni nani hapa, mama?"

Kabla sijajibu, binamu yangu alisema kutoka kwenye kochi, akitabasamu, "Huyo ni fundi wetu. Nguo hizi zote ni kazi yake."

Alidhani ananisifu. Nikaliweka birika chini.

"Mimi ni mjukuu wa chifu," nikasema. "Wa nyumba ya kwanza. Cucu yangu alikuwa mke wake kabla ya huyo wa pete mnayemwona kwenye picha pale ukutani."

Wazee wa upande wa kijana wakanong'onezana, halafu mmoja akauliza kwa upole ni nani aliyeketi pale kwa niaba ya nyumba ya kwanza. Hakukuwa na mtu. Akasema basi hawataendelea mpaka apatikane, wasije wakaoa kwa nusu ya ukoo.

Binamu yangu hakunitazama. Alimtuma mumewe aende Kamenu na gari amlete baba yangu.

Baba alifika na gambuti, zile buti za mpira, amekatizwa kusafisha zizi la ng'ombe. Kulikuwa na zulia jeupe. Akasimama mlangoni, akavua gambuti, akavuka sebule na soksi zilizotoboka. Wakampisha kiti cha mbele, chini ya koti la baba yake. Akaombwa abariki. Aliomba kwa sauti ndogo, maneno machache, na mazungumzo yakaendelea.

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo maisha yangu yote, lakini nilichokiona ni kidole chake cha mguu kilichotokeza, akijaribu kukificha nyuma ya mguu wa pili.

Tukirudi nyumbani nilimwambia, "Leo wamekutambua, baba."

"Hukunifanyia vizuri," akasema. "Ungeniambia mapema, ningeoga."

Tulipofika alirudi moja kwa moja zizini.

Nilimwomba msamaha baba. Binamu yangu sijamwomba. Hakunigombeza wala kunipigia simu, ila hajaniletea kitambaa tena. Nasikia siku hizi anashonewa na mwanamke mmoja karibu na Kamakis, na kwamba nguo zake zinamkaa vizuri. Wiki iliyopita nilipanda gari hadi huko, nikapita mbele ya duka la huyo mwanamke mara mbili, nikitazama gauni zilizoning'inia mlangoni ili nione anavyopinda mikono ya nguo.