Uji wa Mama Mdogo

Utotoni mwangu, pale kijijini Kikole, mtu aliyeumwa tumbo muda mrefu hakuitwa mgonjwa. Alisemekana amelishwa: adui amemtilia kitu kwenye chakula, kikageuka mdudu, na mdudu anamtafuna kutoka ndani. Sikumjua mtu asiyeamini hivyo.

Nilikuwa darasa la nne, msimu wa kuvuna ufuta, mama alipoanza kuumwa. Maumivu yalimchoma kwenye chembe cha moyo. Yalimshika akiwa na njaa, na akinywa uji yakatulia saa mbili tatu. Bibi, mama yake mzazi, aliona ushahidi hapo hapo.

"Mdudu huyo. Akishiba analala."

Adui hakutafutwa mbali. Baba alikuwa na mke wa pili, mwenyeji wa Lindi, ambaye tulimwita Mama Mdogo. Tangu mama augue, yeye ndiye aliyempikia uji. Siku moja Bibi akanivuta nyuma ya nyumba.

"Wewe unashinda jikoni. Hujamwona akitia kitu?"

Nilimwona akitia sukari, basi. Lakini Bibi alikuwa amenishika mkono, ananisikiliza kama mtu mzima mwenzake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nikasema, "Nilimwona akitia unga mweupe."

Kuanzia hapo mama aliukataa uji. Akawa anashinda na njaa, na maumivu yakazidi. Mgongo nao ulimuuma kwa kuinama shambani, kwa hiyo aliendelea kumeza vidonge vya maumivu alivyozoea kununua dukani, viwili asubuhi na viwili jioni, bila kula kitu. Choo chake kikawa cheusi kama lami. Bibi akafurahi, akasema uchawi umeanza kutoka.

Ijumaa, baada ya swala, mganga aliitwa aje kumtaja mchawi. Majirani walijaa uani. Mama Mdogo aliketishwa kwenye mkeka katikati, kichwa ameinamisha. Nilisimama mlangoni. Nilitaka kusema ilikuwa sukari. Kila nilipofungua mdomo, nilimwona Bibi.

Mganga hajafungua mkoba wake, tukasikia mama anatapika ndani. Kwanza yalitoka matapishi kama machicha ya kahawa, kisha damu yenyewe. Akaanguka.

Watu wote wakamtazama mganga. Mama Mdogo hakumtazama mtu. Aliingia ndani, akamnyanyua mama, akamwambia baba aite bodaboda.

"Msimwache ampeleke!" Bibi akapiga kelele. "Anataka kummalizia njiani!"

"Mama, utanitukana nikirudi," Mama Mdogo akajibu. "Mwanao anakufa."

Baba alisita. Sijasahau kusita kule. Kisha akakimbilia barabarani. Waliondoka na bodaboda kwenda hospitali, mama akiwa katikati, Mama Mdogo nyuma amemkumbatia, kanga zote mbili zimelowa damu.

Siku ya tatu baba, aliyewafuata hospitali, alirudi na habari. Mama ameongezewa damu, yu hai. Daktari alisema ni vidonda, pale utumbo mwembamba unapoanzia. Kuna bakteria wanaoishi tumboni mwa watu wengi bila kujulikana. Hao, pamoja na vile vidonge vya maumivu, ndio waliovichimba vidonda. Choo cheusi kilikuwa damu. Mama alipewa dawa za kuua bakteria na za kupunguza asidi, akakatazwa vile vidonge, na akapona.

Bibi alivikubali vidonda. Alichosema ni kwamba lazima kuna aliyevituma. Kijiji nacho kikasema hivyo, kila siku kisimani, hadi Mama Mdogo akafunga mizigo yake akarudi kwao. Mimi nilinyamaza.

Nilimfuata Lindi nikiwa mtu mzima, tayari nimezaa watoto wawili. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipa kiti. Nikamweleza yote huku nalia.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Jikoni tulikuwa wawili tu."

Nilingoja aniambie kwamba nilikuwa mtoto. Hakusema. Aliniuliza kama mama anakula vizuri, nikamjibu anakula. Akashukuru Mungu, na nikajua anashukuru kwa dhati.

Nimekwisha kukubali kwamba neno lile nililolingoja halikuwa wajibu wake kunipa. Mama yangu aliponywa kwa dawa za wiki chache. Mwanamke aliyemwokoa alipoteza nyumba na ndoa kwa sentensi moja ya mtoto aliyependa kusikilizwa. Utoto unaeleza kwa nini niliisema. Hauelezi miaka yote ambayo niliiacha sentensi ile isimame.