Mwalimu wa Gitaa Anayenipa Mgongo

Mwalimu wa kwanza wa gitaa nilimwacha kwa sababu alinipigia makofi kabla sijagusa hata uzi mmoja. Wa pili alimuuliza binti yangu, na mimi nimekaa palepale, kama vidole vyangu bado vinakunjika. Huyu wa tatu anafundishia katika chumba kilicho nyuma ya duka la fundi viatu. Kucha za mkono wa kushoto amezikata karibu na nyama, lakini ukucha wa dole gumba la kulia ameuacha mrefu kama kijiko. Mwanafunzi akipiga, yeye humpa mgongo na kutazama ukuta, ati uso wa mtu humdanganya, mlio haumdanganyi. Ukikosea, bega lake moja linaruka kama limeumwa na siafu. Sauti yake ni ndogo na haina sukari hata chembe.

Siku ya kujaribu nilipiga nilivyoweza, na bega likaruka juu.

"Mbaya," akauambia ukuta.

"Mwalimu, taratibu basi," binti yangu akaingilia. "Mama ni mtu mzima."

"Ndiyo maana simfichi. Mama, unabonyeza uzi kama unaua chawa. Rudia."

Nikarudia.

"Afadhali ile ya kwanza. Rudia."

Binti yangu akasimama, mkoba wangu mkononi, uso umemvimba. "Mama, twende zetu. Huyu hana adabu."

"Tangulia wewe," nikamwambia, nikilipakata gitaa vizuri. "Mimi nimeambiwa nirudie."