Filamu ya Upande wa Pili wa Ukuta

Januari Kulwa alikuwa fundi wa lifti, na majengo marefu ya Rågsved na Hagsätra, vitongoji vya Stockholm, karibu yote yalikuwa yamewahi kumsikia akiimba. Aliingia kwenye shimo la lifti na boksi lake la vifaa, na punde si punde sauti yake ikaanza kupanda ghorofa baada ya ghorofa. Wimbo ulikuwa ni ule ule mmoja. Ulianza kwa huzuni, ukachangamka katikati, na mwishoni, pale ambapo mtu angetegemea kiitikio, Januari alisema "pa, pa" kisha akanyamaza. Hizo zilikuwa risasi. Wapangaji waliomzoea hawakushtuka tena.

Maneno yalikuwa ya Kihindi, au tuseme yalikuwa ya Kihindi kabla hayajakaa miaka mingi mdomoni mwa Mnyamwezi asiyejua Kihindi hata kidogo.

Alikuwa amekulia Tabora, katika nyumba iliyojengwa kwa kuegemea jengo la sinema. Baba yake alikuwa mwinjilisti wa Kanisa la Moravian, na hakutaka mtoto wake hata mmoja akanyage mle ndani, hasa zilipoonyeshwa filamu za mauaji. Ila ukuta hakuwa na la kuufanya. Kitanda cha Januari kilikuwa upande huo huo, na ikatokea filamu moja ya upelelezi kutoka Bombay ikapendwa na mji mzima, ikawa inaonyeshwa, inaondoka, inarudishwa tena. Januari aliisikia mpaka akaihifadhi: mlango unaolia, kijiko kinachokoroga kwenye glasi, mwanamke anayecheka kidogo kabla ya kuimba, viatu vya polisi kwenye ngazi. Hata baba mtu, akijinyoa asubuhi, alikuwa akijisahau na kuupiga mluzi ule wimbo, mpaka mkewe amtupie jicho.

Kwa kuwa hakuiona, aliitunga mwenyewe. Mwimbaji akamfanya mjane anayemlilia mumewe aliyeuawa. Yule mwenye sauti nzito akawa inspekta, mrefu, amevaa koti jeupe. Na muuaji alikuwa mtu mwembamba, kimya, aitwaye Ruko. Jina hilo hakulibuni. Kila watu walipokimbizana alisikia wakimwita, "Ruko! Ruko!" na Ruko hakuitika hata siku moja.

Miaka ya themanini Januari alikuja Sweden kwa mafunzo ya ufundi, akabaki, akaoa Flaviana, dada wa Bukoba aliyekuwa akihudumia wazee. Wakapata binti, Josefin. Wenzake wakisomewa vitabu vya picha kabla ya kulala, Josefin alisimuliwa kisa cha mjane na Ruko, tena kwa milio yote. Matokeo yake ni kwamba mpaka anamaliza shule ya msingi hakukubali kupeleka taka peke yake, maana alijua fika kwamba Ruko anakaa kwenye chumba cha mapipa.

Sasa Januari alikuwa anastaafu, na Josefin akawaza ampe nini. Alikuwa akifanya kazi kwenye duka la dawa karibu na Akalla pamoja na Maya, msichana ambaye wazazi wake walitoka India. Siku moja alimrekodi baba yake kwa siri akiimba huku anamenya viazi, akampelekea Maya, na Maya akamtumia bibi yake aliyeko Göteborg. Jibu lilikuja kabla ya chakula cha mchana. Bibi alitaja jina la filamu, akasema aliitazama akiwa mchumba, kisha akauliza ni nani huyo anayeutesa wimbo wa watu.

Josefin akaitafuta filamu hiyo mpaka akaipata, akakodi ukumbi wa mtaa, Jumamosi mchana. Akawaalika watu wa chama cha Watanzania, majirani wa ngazi yao, Maya, na Bertrand, dereva wa basi kutoka Bukavu aliyekuwa rafiki mkubwa wa baba yake. Flaviana alikaanga sambusa na kachori tangu asubuhi. Januari aliambiwa tu kwamba ni sherehe ya kumuaga, akavaa suti na kujiandalia hotuba fupi.

Taa zikazimwa. Mlango ukalia gizani, na Januari akamshika mkewe mkono kwa nguvu kabla hata picha haijatokea. Alikuwa ameutambua.

Kila sauti ilikuwa mahali pake. Lakini picha zilikuwa zinamvuruga. Yule mwenye sauti nzito alikuwa mfupi, mnene, mwenye hoteli, anajifuta jasho na kitambaa. Inspekta alikuwa na kijisauti chembamba ambacho Januari siku zote alidhani ni cha karani. Na mjane hakuwa mjane. Alikuwa mchezaji dansi aliyevaa nguo nyekundu, na ule wimbo wa msiba aliuimba huku anatabasamu, anawachelewesha polisi ili mwenzake atoroke dirishani.

"Huyo siye," Januari alinong'ona.

Flaviana akamuuliza nani.

"Wote."

Filamu ikaendelea, watu wakanogewa. Kisha, wakati muuaji ndiyo kwanza anataka kujulikana, picha ikakatika. Sauti iliendelea kama kawaida, ila ukutani palikuwa peupe. Mtunza ukumbi alibonyeza hiki na kile, akaomba radhi, akasema taa ya projekta imeungua na nyingine hana. Watu wakaanza kutafuta makoti yao.

Bertrand alikataa kusimama. Alisema, "Mais non, miye siendi nyumbani bila kujua nani aliua."

Januari akainuka. Akavua koti la suti, akaliweka kwenye kiti, akaenda mbele.

"Kaeni," alisema. "Hapa napajua."

Akawasimulia. Alisema sasa mwanamke anashuka ngazi, na visigino vikasikika. Alisema kuna glasi itaanguka, ikaanguka. Akainua kidole wasubiri, na mbwa akabweka. Kwa kuwa kila mlio ulikuja kama alivyosema, hakuna aliyekuwa na sababu ya kutomwamini. Akampandisha Ruko juu ya paa, mvua inanyesha, inspekta nyuma yake. "Ruko!" sauti ikalia ukumbini, na watoto waliokaa sakafuni wakamwita pia. Zikapigwa risasi mbili. Halafu wimbo ukarudi, taratibu, na Januari akaeleza jinsi mjane alivyomfunika muuaji kwa shali lake mwenyewe, kwa sababu alikuwa amechoka kuchukia. Mabibi wawili wa Kiswidi wa ghorofa ya pili, ambao Josefin alikuwa akiwatafsiria, walitoa leso.

Watu walipiga makofi mpaka mtunza ukumbi akawasha taa. Ndipo Januari alipomwona Maya amejiziba mdomo kwa mkono wa sweta. Akamwuliza kwa Kiswidi kama amekosea.

Maya alikuwa binti mwenye adabu. Alisema kisa ni kizuri sana na yeye mwenyewe kilimgusa. Tatizo ni kwamba hakuna mtu anayeitwa Ruko. Ruko, alisema, ni neno tu. Maana yake ni simama.

Josefin, ambaye siku zote baba yake akimsemesha Kiswahili yeye hujibu kwa Kiswidi, safari hii akasema kwa Kiswahili, mbele ya watu wote, "Kwa hiyo mimi utoto wangu mzima nilikuwa naogopa simama?"

Januari ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta kiti, na Bertrand akawa anampiga mgongoni huku naye machozi yanamtoka. Hotuba haikusomwa. Sambusa ziliisha zote.

Kesho yake, baada ya kanisa, Josefin aliwawekea wazazi wake sehemu iliyobaki kwenye televisheni. Muuaji alikuwa daktari wa familia, mzee mpole ambaye hata kwenye ukuta wa Tabora hakuwahi kusikika vizuri. Januari alitazama mpaka majina ya mwisho yakapita, kisha akasema hao jamaa waliharibu kazi. Flaviana alikubali kwamba kisa cha mumewe kilikuwa kizuri zaidi, ila ile nguo nyekundu, alisema, asingependa kuikosa.

Majira ya kuchipua watu wa chama waliomba filamu nyingine ya Kihindi, nayo ya upelelezi, na projekta ikafanya kazi vizuri. Januari alitengewa kiti cha mbele. Aliwaonya wote kwamba safari hii anataka kuona kwa macho yake, mtu asimwambie lolote. Wimbo wa pili ulipoanza alikuwa amekwisha lala, kidevu kifuani, na Flaviana akamwekea koti magotini.